Chuo Kikitimiza Miaka, Kifunge Hesabu

Huku kwetu Amu, yaani Lamu, neno chuo lina umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyote vya Afrika Mashariki. Mtoto wa miaka mitano akitoka nyumbani na juzuu kwapani, ukimuuliza yuaenda wapi atakwambia yuaenda chuoni. Na kabla ya kuwa mahali, chuo kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi: washairi wetu wa kale waliposema chuo walikusudia kitabu. Kwanza palikuwa na kitabu, kisha wakaja watu wakakaa kukizunguka, mwisho mahali penyewe pakaitwa kwa jina la kitabu. Nimekuwa nikilifikiria neno hili tangu niliporudi kutoka kwenye sherehe ya miaka 25 ya chuo nilichosomea biashara, kwa sababu siku nzima ile nilikitafuta kitabu nisikione.

Sherehe yenyewe ilipendeza, nasema hivyo kwa moyo mmoja. Mahema yalipigwa, zumari ikalia, vijana wakacheza kirumbizi mpaka jasho likawatona. Wanawake tulinunua leso ya siku hiyo, iliyoandikwa mwaka wa kuanzishwa na mwaka wa sasa. Mgeni wa heshima alikata keki, akapanda mwarubaini, akahutubia. Tulielezwa jinsi madarasa yalivyoongezeka, kiwanja kilivyonunuliwa, chumba cha kompyuta kilivyopatikana na ukumbi unavyojengwa. Nilipiga makofi kwa kila jambo, maana nakumbuka tulivyosomea chini ya mabati, mvua ikianza mwalimu ananyamaza mpaka ipite kwa kuwa hatusikilizani.

Langoni palikuwa na meza na kijana mwenye adabu zake. Alinipa kitabu cha wageni niandike jina na namba ya simu. Nikaandika. Kisha nikamuuliza kama lipo daftari la darasa letu, la wale tulioanza mwaka wetu, nilitaka tu kuona majina.

"Mama, yale ya zamani yaliingia maji," alinijibu. "Yalitupwa."

Sikumlaumu, hakuwa amezaliwa tulipokuwa tukisoma. Lakini neno lile lilinikaa kifuani hadi jioni. Tulipoanza tulijaza chumba, wengine wakikaa madirishani. Waliovaa joho mwishoni hawakufika nusu ya sisi. Wako walioshindwa karo, wako walioolewa katikati ya muhula, mmoja alirudi baharini baba yake alipofariki akaacha chombo bila nahodha. Hao wote walilipa, walisoma, walifanya mitihani ya mwaka wa kwanza. Na chuo kilichotufundisha kwamba kila senti iliyoingia na iliyotoka lazima iandikwe hakina andiko lolote la kusema waliingia wala kwamba walitoka.

Nina haki ya kulisema hili kwa uchungu kwa sababu nililelewa na mtu wa daftari. Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, miti ya mikoko ya kujengea. Skuli ya Kizungu hakuiona, alisoma chuoni tu, na hesabu zake aliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Safari ikimalizika, kabla ya mtu kwenda kwake, mabaharia walikaa barazani naye akasoma kwa sauti: korija ngapi za boriti zilipakiwa, ngapi ziliuzwa, ngapi zilikatika au kuchukuliwa na maji, posho ya chakula kiasi gani, ushuru kiasi gani, tanga lililoraruka limeshonwa kwa bei gani. Matumizi yakishatolewa, kilichobaki kikagawanywa mafungu: la chombo, la nahodha, ya mabaharia. Mtu mwenye swali aliuliza palepale. Aliyepata hasara alijua imetoka wapi. Pilau ilipakuliwa baada ya daftari kufungwa, wala sikumbuki siku hata moja ilipotangulia.

Basi nataka kusema jambo moja tu katika makala haya, na nalisema kwa vyuo vyote vinavyokaribia miaka 20, 25, 50 au 75, hasa vile vinavyofundisha biashara. Siku ya kutimiza miaka ni siku ya kufunga hesabu mbele ya watu. Pilau haina ubaya. Lakini daftari litangulie.

Hesabu ina mwaka wa kuanzia, na hapo ndipo mambo huanza kupindika. Tazama vyuo vikuu viwili vilivyopita njia moja. Chuo cha Dar es Salaam kilifungua mlango tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nairobi ilikuwa imeanza 1956 kwa jina la Royal Technical College. Mwaka 1963 vyote viwili, pamoja na Makerere, vikawa viungo vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Njia moja, mwisho mmoja. Lakini Dar es Salaam iliadhimisha miaka 50 mwaka 2011, ikihesabu kutoka Lumumba, nayo Nairobi ikaadhimisha miaka 50 mwaka 2020, ikihesabu tangu siku ya kupata jina kamili la chuo kikuu. Mmoja alianza kujihesabia umri siku aliyozaliwa, mwingine siku aliyopata kitambulisho.

Mimi naipa haki Dar es Salaam. Anayehesabu kutoka kwenye chumba cha kuazima analazimika kuwakumbuka wale waliokaa ndani ya chumba hicho. Na Makerere ilikwenda mbali zaidi: iliadhimisha miaka 100 mwaka 2022, ikihesabu kutoka 1922 ilipokuwa shule ya ufundi yenye vijana 14 wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Chuo kikuu ambacho viongozi wa nchi nzima nzima walipita hakikuona haya kusema mzizi wake ni msumeno na randa.

Sasa rudi huku Pwani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kina kampasi yake hapa Lamu, kimepewa hati ya chuo kikuu Januari 2013. Kabla ya hapo, tangu 2007, kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kabla ya hapo kilikuwa Mombasa Polytechnic, tangu 1972. Kabla ya hapo, Mombasa Technical Institute, tangu 1966. Na chini kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1940, utakuta taasisi iliyojulikana kwa herufi MIOME, ya elimu kwa Waislamu, iliyotolewa fedha na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Bohora na serikali ya kikoloni. Ukiulizwa chuo hiki kina umri gani, jibu lako litategemea ni nani unayetaka kumkumbuka.

Ukihesabu kutoka 2013, una kijana anayebalehe, na kijana hadaiwi mengi. Ukihesabu kutoka MIOME, una mzee aliyepita miaka 75, na mzee huulizwa ameacha nini. Taasisi ile ilianzishwa kwa sababu maalum: vijana wa Kiislamu wa pwani na wa Afrika Mashariki kwa jumla walikuwa nyuma katika elimu ya ufundi, ya kuwapatia kazi katika viwanda, reli na bandari. Fedha zilichangwa kwa lengo hilo. Ukiufuta mwaka umelifuta na swali: je, lengo limetimia? Nani alipita, akaenda wapi, na mbona bado bandarini Lamu tunasikia hatuna watu wenye ujuzi? Anayechagua mwaka wa kuanzia amechagua deni analokubali kulipa.

Vilevile Kilifi. Chuo Kikuu cha Pwani kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Kenyatta mwaka 2007 na kikapewa hati 2013, lakini kilisimama juu ya ardhi na majengo ya taasisi ya kilimo iliyokuwapo pale. Wako mabwana shamba waliosoma hapo kabla ya neno chuo kikuu kubandikwa langoni. Sijui mtu anayeweza kunieleza kwa haki kwa nini wao wasiwe mbele kabisa katika viti vya wageni.

Hili jina kishiriki nalo tulitafakari. Chuo kikuu kishiriki ni kama mtoto anayelelewa kwa shangazi: anakula, anasoma, anatumwa, ila cheti chake kinaandikwa jina la mwenye nyumba. Wahitimu wa miaka ile kati ya 2007 na 2013 wana shahada za JKUAT au za Kenyatta ilhali hawakuketi Juja wala Kahawa, waliketi Tudor na Kilifi. Kwenye maadhimisho ya chuo cha mama hawaalikwi kwa kuwa hawakusoma pale. Kwenye maadhimisho ya chuo chao wenyewe wanaweza kupotea, kwa sababu daftari la wahitimu linaanzia hati ya 2013. Ni kizazi cha vyuo viwili, na kisipoandikwa kwa makusudi, hakuna atakayekiandika.

Nimesema nilitafuta kitabu. Nieleze basi ni kitabu cha namna gani, maana mfano wake tunao mtaani, hatua chache kutoka ninapoandikia.

Msikiti wa Riyadha, kule mtaa wa Langoni, ulijengwa karibu mwaka 1900 na Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija aliyekuja Amu kijana. Kila anayeujua mji huu anajua kilichowaudhi wakubwa wa zama zile: aliwafundisha watu ambao mlango wa elimu ulikuwa umefungwa mbele yao, wana wa waliokuwa watumwa, maskini wa pembezoni mwa mji, watu wasio na ukoo wa kutaja. Aliwafundisha, na maulidi akayasoma kwa matari, wazee wakanung'unika, yeye akaendelea. Alifariki 1935. Leo kila Mfungo Sita mji unajaa. Wanakuja wa Zanzibar, wa Ngazija, wa Tanga, wa Uganda, wa bara. Nyumba ya vyumba vitatu inalaza watu 20.

Hakuna anayesema Riyadha ina miaka mingapi. Katika miaka yangu yote ya kwenda ziara sijasikia mtu akitangaza mwaka wa 100 au wa 120. Lakini muulize mzee yeyote aliyeketi ukumbini alisomeshwa na nani. Atakutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, mpaka amfikie Habib mwenyewe na kupita. Hiyo ndiyo silsila. Kisha muulize amesomesha nani, naye atakutajia madrasa ya Malindi, ya Kisumu, ya Moroni, na jina la aliyepo huko. Mnyororo unavutika kwa mbele na kwa nyuma. Sherehe inakuwa kubwa kwa sababu kila pete ya mnyororo imerudi nyumbani kwa miguu yake, bila kadi ya mwaliko.

Chuo cha biashara si zawiya, mahali pa kusomea dini, najua. Lakini nikimwambia mkuu wa chuo chochote anionyeshe silsila ya idara yake ya uhasibu, yaani nani alimfundisha nani na huyo sasa anafunga hesabu za nani, sidhani naomba muujiza. Riyadha inaibeba yake kifuani mwa watu tu, bila kompyuta. Na lile swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito, Riyadha inalijibu bila kuulizwa: mlango huu ulifunguliwa kwa nani? Chuo kinapotimiza miaka 25, ningetaka kusikia watoto wangapi wa wavuvi wa Kizingitini na Faza waliingia, wangapi wa Waboni, wangapi wasichana kutoka Siyu, wangapi wa Mpeketoni, na wangapi kati yao walimaliza. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 kwa sensa ya 2019. Ni mji mmoja wa wastani uliotawanywa visiwani na bara. Hapa mtu hafuatiliwi kwa mitandao migumu, hutafutwa kwa kuuliza forodhani.

Sasa biashara yenyewe. Elimu ya biashara ya darasani ni changa katika nchi zetu kuliko tunavyodhani. Strathmore ya Nairobi ilianza 1961 ikiwa chuo cha kidato cha tano na sita, na uhasibu ukaingia 1966. KASNEB, inayotahini wahasibu wetu wa CPA, ilianzishwa 1969. Kitivo cha biashara cha Dar es Salaam kilianza 1979, na Shule ya Biashara ya Makerere kule Nakawa ni ya 1997. Wakati huohuo, Malindi ilimpeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415, na mtu hampakii twiga kwenye merikebu bila kujua gharama ya majani, maji na siku za safari. Tulikuwa wafanyabiashara kwa karne nyingi kabla ya kuwa wanafunzi wa biashara. Chuo cha biashara kilichokuja kwetu kilipaswa kufika kama mgeni mwenye heshima, akaketi, akauliza wenyeji wanahesabu vipi.

Sicho nilichokiona darasani. Mifano yote tuliyofundishwa ilikuwa ya viwanda vya Nairobi na maduka makubwa yenye matawi. Hakuna siku mwalimu aliyeandika ubaoni hesabu ya korija. Kwa wasioijua, korija ni boriti 20, na mikoko hutengwa kwa unene, fito mbali, pau mbali, mazio mbali, boriti mbali, nguzo mbali, kila aina na bei yake. Sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya, karibu asilimia 60, iko hapa Lamu. Serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, majahazi ya Uarabuni yaliyokuwa yakija kuzichukua yalikosa shehena hiyo, na marufuku ya kukata miti ya 2018 ikawapata wakataji tena. Hapo pana somo zima la biashara: bidhaa, soko, sheria, hifadhi, hatari ya kutegemea mnunuzi mmoja. Wakataji wenyewe wako Mokowe, wangekuja kufundisha kwa nauli ya mashua tu.

Au chukua uvuvi. Mvuvi asiye na chombo humwendea tajiri. Tajiri humpa mashine, nyavu, mafuta, pengine na fedha za karo ya mtoto, kwa sharti kwamba samaki wote auziwe yeye kwa bei atakayoitaja yeye. Deni halina mwisho kwa sababu halijawahi kuandikwa na pande mbili. Kazi yangu ya miaka mingi ni kushika vitabu vya ushirika wa wavuvi, na nimeona mara nyingi mtu mzima akishangaa, daftari likifunguliwa mbele yake, kwamba alishamaliza kulipa zamani. Hiyo ndiyo shahada ya biashara inayohitajika Lamu. Ukiniuliza mafanikio ya chuo ni yapi, nitauliza ni wahitimu wangapi wamewahi kumkalisha mvuvi na tajiri wake kwenye mkeka mmoja, wakasoma deni hadi mwisho.

Kuna jambo jingine linanijia kila nikisikia mwaka 2007 ukitajwa. Huo ndio mwaka Mombasa na Kilifi zilipopata vyuo vikuu vishiriki. Mwezi Machi wa mwaka huohuo M-Pesa ikazinduliwa. Muuza viazi karai wa Langoni alijifunza kutuma, kupokea, kuweka akiba na kukopa kwa simu, bila kuketi darasa la mtu. Ningefurahi sana kusikia, katika maadhimisho ya 2027, kwamba kuna mwanafunzi wa biashara aliyekwenda kumuuliza mama huyo amejifunzaje, na wapi anaumia. Vyuo vyetu na simu zetu ni wa rika moja. Wakikua bila kusalimiana ni hasara kwa wote wawili.

Bandari ndiyo mtihani mkubwa, na hapa tarehe zinasema zenyewe. Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua hapa mradi wa LAPSSET, wa bandari na njia za kuiunganisha Lamu na nchi hizo mbili jirani. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kati ya siku hizo mbili ni miaka tisa na zaidi. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2012 angemaliza cha nne 2015, na kwa shahada ya miaka minne angekuwa amehitimu kabla meli haijafunga kamba. Hatukushtukizwa. Kila chuo chenye idara ya biashara kilikuwa na muda wa kuandaa kizazi kizima cha mawakala wa forodha, wahasibu wa bandari, wataalamu wa bima ya shehena na ununuzi, kutoka darasa la kwanza la sekondari hadi joho. Kwa hiyo chuo chochote cha Pwani kinachotimiza miaka sasa kina hesabu hii ya kutoa: katika ile miaka tisa, kilimfundisha nani kwa ajili ya gati lile?

Na hata kabla ya gati kuna hesabu nyingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyowafika kutokana na ujenzi wa bandari. Waza kazi iliyomo ndani ya tarakimu hiyo: eneo la kuvulia lililochimbwa lina thamani gani kwa mwaka, kwa miaka mingapi, kwa mvuvi wa nyavu na kwa mvuvi wa kamba tofauti tofauti. Hilo ni swali la biashara tupu. Lingefaa liwe la kwanza ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anapewa alitatue, na majibu yake yasomwe mbele ya wavuvi wenyewe.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba kufuatilia wahitimu ni gharama, na vyuo vya umma vimeelemewa na madeni, tena mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 umewavuruga wanafunzi na vyuo vilevile. Ni kweli. Lakini keki, mahema na fulana zilizochapishwa nazo ni gharama, na nimeona zikipatikana. Pili, sheria ya kulinda data ya 2019 hairuhusu kusoma majina ya watu hadharani ovyo. Vyema, na iheshimiwe: soma idadi, kisha majina ya waliokubali. Tatu, na hili halisemwi kwa sauti, kwamba hesabu itatia aibu. Itaonekana wengi hawakumaliza. Ami yangu alisoma mbele ya mabaharia boriti zilizochukuliwa na maji, na yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Safari iliyofuata walipanda naye walewale.

Mwaka 2027 Mombasa na Kilifi zinatimiza miaka 20 tangu zilipokuwa vyuo vikuu vishiriki. Kamati za maandalizi zikiundwa, ombi langu ni jepesi kutimiza likianza mapema. Wawekwe vijana wawili na simu, wapewe mwaka mmoja, waanze na orodha ya walioandikishwa, wala si ya waliohitimu peke yake. Waende Lamu, Faza, Witu, Garsen, Malindi, Mambrui. Waulize maswali manne: uliingia lini, ulitoka lini na kwa nini, unafanya nini, ulichofundishwa kilikufaa wapi na kilikuangusha wapi. Siku yenyewe, kabla ya mgeni wa heshima, asimame mtu asome.

Mimi sijangoja. Niliporudi kutoka kwenye ile sherehe nilinunua daftari la jalada gumu pale karibu na soko, nikachora safu, nikaanza na majina niliyoyakumbuka. Simu moja ilinipa nyingine. Mmoja yuko Doha, hafanyi uhasibu, anaendesha gari. Mmoja ni karani wa kaunti. Wawili wamefariki, nimewaandika na tarehe. Mmoja ana duka la vipuri vya mashine za boti Mokowe, na vitabu vyake ni safi kuliko vya mabenki, nimevitazama.

Wiki iliyopita nilimpata yule aliyerudi baharini. Nilimkuta Shela akipaka chombo sifa, yale mafuta ya papa, mikono imejaa mafuta. Tulisalimiana sana, tukaulizana watoto. Nikamweleza nafanya nini na daftari lile. Akanyamaza, akafuta mikono kwa gunia.

"Lakini dada, mimi sikumaliza," akasema. "Niliacha mwaka wa pili. Nami ni wa kuandikwa?"

Nikamuuliza mwezi aliotoka. Aliukumbuka, na siku aliikumbuka. Nikamwandika wa kumi na tisa.